Shefu Alikula Kwangu, Nikalifuta Dai

Mliotembea na mimi tangu mwanzo mnajua nilipofika. Aliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza nitamweleza haraka, maana hasira niliyo nayo haina subira.

Naitwa Mugisho. Nimezaliwa Walungu, nikakaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na tisa, na sasa naishi Fridley, Minnesota, kwenye baridi ambayo hata friji ingeomba blanketi. Shule niliishia darasa la nne. Mke wangu Euphrasie alianguka kazini mwezi wa kumi na moja, ndani ya kiwanda cha kukata saladi tulikokuwa tunafanya kazi wote wawili. Hakuamka.

Kiwanda kile kina kitu kinaitwa pointi. Ukichelewa, pointi. Ukiugua, pointi. Ukitoka kabla ya saa, pointi. Zikifika nane unafukuzwa. Asubuhi ile Euphrasie alikuwa na saba. Kijana mmoja wa laini yake ya kazi, Nassir, alimwona akirudi mezani anafuta macho. Akamuuliza, mama, vipi? Akasema, nimeomba niende nyumbani, kifua kinabana, wameniambia nikitoka hiyo ni ya nane. Akashika kisu akaendelea kukata saladi. Saa tano akaanguka.

Shefu wa laini ile, yaani msimamizi wao, ni Rodney, Mmarekani mrefu mwenye ndevu nyekundu. Sikuhitaji kuambiwa nani alimkatalia.

Nikakaa matanga. Kampuni inatoa siku tatu za kufiwa. Siku tatu! Mwili wenyewe ulikaa siku tisa kabla hatujauzika. Niliporudi kazini nikaambiwa nimejaza pointi nane nikiwa msibani. Walinihesabia maziko ya mke wangu kama uchelewaji.

Nikaomba yale malipo ambayo serikali ya hapa inampa mtu aliyepoteza kazi. Kampuni ikapinga, ikaandika kwamba niliacha kazi mwenyewe. Basi ofisi ikapanga kikao cha simu, Alhamisi saa nne asubuhi. Hakimu upande huu, kampuni upande ule, mimi hapa, mkalimani katikati, na kila neno linarekodiwa.

Nisomeni vizuri. Malipo yenyewe nilikuwa nayahitaji, sitadanganya. Lakini nilichokuwa nakingoja ni swali moja tu la hakimu: kwa nini hukwenda kazini? Ili nimjibu: kwa sababu nilikuwa namzika mtu ambaye hawa walimkatalia kwenda kupumzika. Lisemwe, liandikwe, na wao wakiwa kwenye simu wanasikia.

Wiki iliyopita niliwaachia pale Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mlango unagongwa. Nikafungua. Rodney amesimama kwenye theluji na kreti ya Fanta begani.

Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwepo Dominic, Mkenya anayefanya kazi ofisi ya wafanyakazi pale kiwandani, mtu wa viatu vilivyochongoka. Na pembeni yao alisimama mtu ambaye sikutegemea kabisa: mzee wetu wa kanisa, Sosthène.

"Papa Maombi," Sosthène akaniita kwa jina la binti yangu, "tunaomba kuingia."

Sosthène ni mtu wa mlima wetu. Nyarugusu tulikaa zoni moja, na hapa tulikuwa kiwanda kimoja. Yeye ndiye aliyesali kaburini. Mtu huyo akiomba kuingia, unafunga mlango namna gani?

Wakaingia. Na hapo nikaona kitu cha kwetu.

Rodney alivua mabuti mlangoni. Akashusha kreti chini, juu yake akaweka kitenge kilichokunjwa vizuri. Sofa ilikuwa wazi, hakukaa. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti kifupi cha plastiki, alichokuwa anakalia Euphrasie akisonga bugali. Akakaa. Magoti yakafika kwenye ndevu. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Kwetu mlimani, mtu mwenye kosa juu ya kifo anakuja hivyo hivyo. Anakuja na mzee. Analeta kinywaji na nguo. Anakaa chini kuliko mwenye msiba. Akipewa chakula cha nyumba ile na akala, amekubali kosa mbele ya wote. Na wewe uliyefiwa, akishakula, umemaliza. Huendi tena tribunali, mahakamani. Ukienda, wewe ndiye umevunja nyumba.

Nimeishi nchi hii miaka minane sijaona Mmarekani anajua hilo. Nikasema moyoni, Mungu amemgusa mtu huyu.

"Maombi," nikamwita binti yangu, "leta chakula."

Maombi ana miaka kumi na sita. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake ni ya Kiingereza. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba hawa hawakualikwa.

"Leta chakula!"

Akaleta. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, visamaki vya ziwa letu, zilizokaangwa. Rodney akanawa. Akakata tonge kwa mkono wa kulia, taratibu, kama mtoto anayefundishwa. Akala. Akala tena. Sosthène naye akanawa, akakata tonge kutoka sahani ile ile ya Rodney, akala matatu. Nikaona ni heshima, mzee anamsindikiza mgeni wake.

Dominic hakugusa chakula. Alisema ana kidonda cha tumbo.

Kisha Sosthène akasimama. "Papa Maombi, umeona kwa macho yako. Mimi sina cha kuongeza."

"Nimeona," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka, siwafichi.

"Sasa mzee wangu," Dominic akaingilia, "hiyo maneno ya Alhamisi tuachane nayo. Unapiga simu tu, unawaambia unafuta dai lako mwenyewe, kwa hiari. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi unarudi job. Pointi sifuri. Tumesahau kila kitu."

"Bila karatasi?"

"Karatasi ya nini, mzee? Si mko na mzee wa kanisa hapa? Ama humwamini?"

Nikamtazama Sosthène. Akatazama kitenge.

Walipoondoka, Maombi alinipigia kelele kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Aliniambia kwa Kiingereza, nami nawaandikia kwa lugha yetu: "Baba, hajasema neno! Umesikia amesema kwamba alimkatalia mama? Alikula tu!"

"Wewe hujui maana ya kula."

"Na yeye je? Anajua?"

"Nyamaza."

Akaenda jikoni. Aliosha vyombo kwa kelele hadi nikadhani atavunja sahani zote za mama yake.

Jumatatu asubuhi nilipiga simu ile ofisi. Mama aliyepokea anaitwa Abigail. Wakaunganisha mkalimani, kwa lafudhi ni Mtanzania, sauti tulivu kama ya redio.

"Mheshimiwa Mugisho," mkalimani akasema, "mama anauliza, unaelewa kwamba ukilifuta dai, kikao cha Alhamisi nacho kinafutwa?"

"Naelewa."

"Anauliza, kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekuahidi chochote ili ulifute? Kazi, zawadi, kitu chochote?"

Hapo nilikwama. Kreti ya Fanta ilikuwa mbele yangu, haijafunguliwa. Lakini ile haikuwa zawadi, ilikuwa kosa lililoletwa nyumbani. Na kazi? Dominic alisema pointi sifuri. Ningelitaja hilo, ningekuwa namtoa Rodney nje baada ya kumlisha. Ningevunja nyumba.

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

"Mama anakuomba ufikirie. Hakuna haraka. Anaweza kuliacha wazi hadi kesho."

Mama yule alinipa nafasi, jamani. Mtu nisiyemjua, kwenye simu, alinipa nafasi ambayo ndugu zangu hawakunipa.

"Mwambie alifute," nikasema. "Ni hiari yangu."

Nikasikia vidole vyake vinagonga mashine. Basi. Kwisha.

Jumatano niliamka saa kumi alfajiri. Nilivaa soksi mbili mbili, nikafika getini kabla ya shifti. Nikaweka beji yangu kwenye kile kidubwasha cha kufungulia geti. Taa nyekundu. Nikaweka tena. Nyekundu. Nyuma yangu foleni inasukuma.

"Mzee, songa basi!"

"Beji yangu imelala."

"Iamshe nje, sisi tunachelewa, tutakula pointi!"

Nikasogea pembeni. Nikasimama kwenye theluji dakika arobaini hadi Dominic alipotokea na kikombe cha kahawa.

"Mzee Mugisho! Habari ya asubuhi? Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kazini. Beji haifunguki."

"Kazini gani?"

"Dominic."

"No, serious, kazini gani? Saa hizi hatuandiki watu. Ingia kwa website, ujaze fomu, wakikupenda watakuita."

"Ulisema Jumatano. Ulisema pointi sifuri. Ulisema ndani ya nyumba yangu!"

"Mimi nilikuja kutoa pole. Rodney alikuja kutoa pole. Hata tulikuletea soda."

"Rodney alikula kwangu!"

Watu wa getini wakageuka. Dominic akacheka, kahawa ikamwagika kwenye glavu.

"Sasa mzee, mtu akikula lunch kwako amesaini nini? Juzi nilikula kwa mama mmoja wa Brooklyn Park. Nimemuoa?"

Wenzake wakacheka. Nami, nawaambia kweli, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kola yake. Aliyenishika ni Nassir, yule kijana wa laini ya Euphrasie.

"Baba, wacha. Wacha! Wana kamera, watakuitia polisi. Ndicho wanachotaka."

Rodney mwenyewe akapita wakati huo huo. Akaniona. Akanyanyua mkono, akatabasamu, akapiga tumbo lake akasema chakula kilikuwa kitamu sana. Kisha akaingia ndani. Taa ya kijani kwake.

Sasa niambieni. Serikali zinatufundisha kuheshimu sheria. Makampuni yanatufundisha kuheshimu saa. Wachungaji wanatufundisha kuheshimu wakubwa. Nani anawafundisha wao kitu chochote? Nyarugusu aliyekuwa anapima unga alikuwa na kikombe chake kilichobonyea chini, na sisi tunamwita bosi. Hapa wana website.

Nassir akanivuta hadi kwenye gari lake, akawasha hita.

"Baba, hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

"Yule mzee wenu wa kanisa. Sosthène. Amevaa fulana ya kijani tangu Jumatatu."

Fulana ya kijani ni ya viongozi wa laini. Mwenye fulana ya kijani hakati saladi. Anatembea na daftari, anaandika pointi za wengine.

"Jumatatu hii?"

"Jumatatu hii."

Jumapili alikula kwangu. Jumatatu mimi nafuta dai, yeye anavaa kijani.

Nilimpigia simu Sosthène mara kumi na moja. Hakupokea hata moja.

Alhamisi nilikaa kwenye sofa kuanzia saa tatu na nusu. Simu nimeiweka mezani. Nilijua haitalia, nimelifuta mwenyewe, lakini niliichaji hadi mia. Saa nne ikafika. Saa nne na dakika tano. Huko mahali fulani hakimu alikuwa anasikiliza mtu mwingine. Saa nne na nusu nikafungua Fanta moja ya Rodney, nikaimwaga kwenye sinki. Nikafungua nyingine. Nikazimwaga zote ishirini na nne, moja moja, nalia kama mtoto.

Ijumaa Maombi hakwenda shule. Alikaa na mimi, akapiga ile ofisi, akamwomba Abigail kwa jina. Mkalimani alikuwa mwingine, ila Abigail alikuwa yule yule. Nikamwambia yote. Kreti, kitenge, kiti kifupi, bugali, beji, taa nyekundu.

Nikasikia vidole vyake vinagonga mashine tena.

"Anasema anasikitika," mkalimani akasema. "Anasema dai linaweza kufufuliwa na kikao kupangwa upya. Mwisho ni leo, saa kumi na nusu jioni. Lakini kuna shida."

"Shida gani?"

"Jumatatu uliulizwa kama umeahidiwa kitu, ukasema hapana. Imerekodiwa. Na kampuni imeleta barua. Watu wawili wameandika kwamba walikuja kwako kutoa pole tu, na kwamba wewe mwenyewe ulikiri kuwa uliacha kazi kwa hiari."

"Nilikiri wapi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Maombi akasema yeye alikuwepo, alisikia ahadi yote.

"Anasema utasikilizwa, binti. Lakini una miaka kumi na sita na unaishi kwake, na wao ni wawili. Anauliza, mlikuwa na mtu mwingine mezani? Mtu mzima, asiye wa nyumba hiyo?"

Mimi na Maombi tukatazamana.

"Yupo," nikasema.

"Basi aseme kwenye simu kabla ya saa kumi na nusu. Akisema, mama atalifufua leo leo. Asiposema, limekufa."

Shifti ya asubuhi inatoka saa nane na nusu. Tulimsubiri kwenye maegesho ya kiwanda, tukamkosa. Fulana za kijani wanatokea mlango mwingine, nani angejua. Maombi akawasha Corolla ya mama yake, tukaingia barabara ya 694 kuelekea Oakdale, alikohamia Sosthène msimu wa joto. Theluji inaanguka, malori yanatumwagia tope, kila mtu anatembea kama yuko kwenye maziko. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro kumi. Maombi anaendesha anauma midomo, kama mama yake.

Aliyefungua mlango ni Mutesi, mke wa Sosthène. Aliponiona, alirudi nyuma hatua moja.

"Shemeji."

"Yuko wapi?"

Alikuwa mezani. Fulana ya kijani imetundikwa kwenye mgongo wa kiti, kama mtu wa pili aliyekaa naye. Ilikuwa saa kumi kamili.

"Papa Maombi," akasema. Hakusimama.

"Kumi na moja. Nimekupigia mara kumi na moja."

"Niliziona."

"Nani alimfundisha Rodney kukaa kwenye kiti kifupi?"

Akatazama fulana yake.

"Nani alimwambia alete kitenge? Nani alimwambia avue mabuti, ale kwa mkono wa kulia, anyamaze? Mzungu yule hajui hata jina langu la pili!"

"Mimi," Sosthène akasema.

"Nani?"

"Ni mimi. Dominic aliniuliza, ni kitu gani kitafanya Mugisho aache kesi. Nikamwambia."

"Ukauza desturi za baba zetu kwa fulana!"

"Bon, sema yote. Nastahili."

"Mzee wa kanisa! Ulisali kaburini kwake! Umeshika Biblia juu ya jeneza la Euphrasie, halafu unakwenda kumfundisha aliyemuua namna ya kunitoa machozi?"

Mutesi akaanza kulia jikoni. Maombi akasema nyuma yangu, kwa Kiingereza, kwamba zimebaki dakika ishirini na tano.

Nikaitoa simu, nikaiweka mezani mbele yake. "Sasa utasema. Utamwambia mama wa ofisi kwamba Dominic aliniahidi kazi. Utasema ulisikia. Sitaki kingine kwako hadi nife."

Hakuigusa simu. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nikisema hilo, wataniuliza mengine," akasema.

"Mengine gani?"

"Hakimu atauliza juu ya asubuhi ile. Nitakuwa nimeapa."

"Vizuri! Waambie Rodney alimkatalia!"

"Rodney hakuwepo."

Nilisikia, lakini sikuelewa.

"Asubuhi ile Rodney alikuwa kwenye mkutano," Sosthène akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Aliniachia laini. Walikuwa wananijaribu, kama nafaa kwa kijani. Daftari lilikuwa kwangu."

"Usiseme."

"Mama Maombi alikuja kwangu. Alisema, ndugu, kifua kinabana."

"Nyamaza, Sosthène."

"Nikamwambia, dada, una saba. Ukitoka nitalazimika kuandika ya nane, na mimi sitaki kukuandikia. Vumilia hadi mapumziko. Nilidhani namsaidia. Na nilidhani... siku ya kwanza wananipa laini, mtu akitoka, watasema nimeshindwa. Nilifikiri vyote viwili, Papa Maombi. Vyote viwili."

Wasomaji, mimi nimekimbia vita mara mbili. Nimewahi kulala siku tatu kichakani na maiti. Sijawahi kusikia neno zito kama lile. Na Maombi, anayesikia Kiswahili chote, alikuwa amelisikia.

Miezi mitatu nilikuwa nalala na sura ya Rodney. Ndevu zake, jinsi anavyotembea. Miezi mitatu nimemchukia mtu ambaye siye, na yule mwenyewe anakuja kwangu kila Jumatano kusali, anakunywa chai yangu.

Nilimshika shati. Hakujitetea. Kiti kikaanguka na fulana yake ikaanguka nayo.

"Piga," akasema. "Lakini sikia kwanza. Jumapili ile nilimleta Rodney kwa sababu ya fulana, ndiyo. Na nilikuja kwa sababu yangu pia. Sahani ile ile. Matonge matatu. Ulikuwa unanitazama."

Hapo ndipo nilipoelewa. Rodney hakujua alichokula. Aliyejua alikuwa mmoja tu mezani. Alimtanguliza Mmarekani kama pazia, akakaa nyuma yake, akala chakula cha kosa lake kwenye nyumba ya marehemu, kwa mkono wangu, na mimi nikalia kwa furaha.

"Hukusema!" nikapiga kelele. "Mwenye kosa anasema kwanza, ndipo anakula! Wewe umeiba!"

"Niliiba," akasema. "Ndiyo maana naomba sasa."

Saa kumi na dakika kumi na nane.

"Piga simu," Sosthène akasema. "Nitasema yote. Ahadi ya Dominic, daftari, pointi ya nane, maneno ya mama Maombi kama alivyoyasema. Litaandikwa. Watanifukuza leo leo, na nina watoto sita, na kanisani sitasimama tena. Nitasema. Ila nina ombi moja."

"Huna haki ya ombi."

"Sina. Naomba hivyo hivyo. Kile nilichokula kwako, kihesabu. Sijaweza kulala tangu aanguke. Sema kwamba kinasimama, nami nitasema chochote unachotaka."

"Na nikikataa?"

Alifuta uso. "Nikiwa sina msamaha na sina kazi, nitakuwa nimebaki na nini, Papa Maombi? Sitaweza kufungua mdomo. Nakuambia kweli yangu, hata kama ni mbaya."

Mutesi alitoka jikoni. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amebeba sahani ya bugali, unatoa moshi, na bakuli la maharage. Akaiweka mbele yangu. Akaniletea maji ya kunawa kwenye beseni dogo la bluu, akapiga magoti nalo. Maji yanamwagika kwenye zulia.

Kwetu, aliyefiwa akila kwenye nyumba ya mwenye kosa, hakuna tena neno. Hata watoto wake hawaruhusiwi kulikumbusha. Nikila, Sosthène atasema kwenye simu, lakini mimi na Maombi hatutamlaumu tena kamwe.

Maombi alikuwa ameshapiga namba. Simu ikalia mara mbili, kisha sauti ya Abigail ikajaza chumba, na mkalimani nyuma yake.

"Mheshimiwa Mugisho, tumebakiwa na dakika saba. Mama anauliza, shahidi wako yupo?"

Nilinawa. Sijui kwa nini nilinawa. Maji yalikuwa ya moto.

"Baba," Maombi akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki, alisema kwa Kiswahili: "Baba, usile."

Abigail akauliza tena kama shahidi yupo. Sosthène hakuitazama simu. Alikuwa anautazama mkono wangu.